Simba Amevuka, Nani Anaambiwa Kwanza?

Simba akiua ng'ombe usiku, mengi huamuliwa kabla jua halijafika utosini. Mzoga umeliwa nusu, na mwenye mali anajua fika kwamba muuaji anaweza kurudi jioni kumalizia. Sumu ya kuulia wadudu wa mazao haiko mbali wala haina bei kubwa. Ikinyunyizwa kwenye nyama ile haitachagua: atakufa simba aliyeua, watakufa na watoto wake, kisha fisi, bweha na tumbusi watakaokuja kuokoteza.

Sumu inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo Afrika Mashariki ni kabofurani. Mwilini, ujumbe wa neva hufika kwenye msuli kwa njia ya kemikali, na kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuifuta kemikali hiyo mara ujumbe unapopokelewa. Kabofurani hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe haufutiki, misuli inakaza bila kulegea, pumzi inakatika. Februari 2018 simba 6 na tumbusi 74 waliripotiwa kufa kwa sumu katika eneo la Ruaha. Tumbusi hawaongezeki haraka: yule wa aina ya Rüppell, kwa mfano, ambaye huzaliana kwenye majabali ya korongo la Ol Karien katika milima ya Gol, hutaga yai moja tu kwa msimu. Pengo la ndege 74 halizibwi kwa mwaka mmoja wala mitano.

Nimeanza na sumu kwa sababu Soitsambu, kata ya tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, iko mahali ambapo jambo hili linaweza kutokea wiki yoyote. Magharibi yake kuna Pori la Akiba Pololeti, na ng'ambo ya Pololeti ni Serengeti. Hakuna uzio. Simba hufuata nyumbu, nyumbu hufuata majani, na majani ndiyo hayohayo ambayo mfugaji wa Kimaasai anayafuata na ng'ombe wake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamwita aliyetega sumu mhalifu, na ni sawa. Lakini uhalifu wa namna hii una saa zake za kuzaliwa, na teknolojia inayoweza kuuzuia ni ile inayomfikia mchungaji kabla ng'ombe hajafa.

Chombo cha kwanza ni kola inayotuma mawimbi. Daktari wa wanyamapori humpiga simba sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, kola inafungwa shingoni ikiachiwa nafasi ya kupitisha vidole, mnyama anaamka na kwenda zake. Ndani ya kola mna kipokezi kinachosikiliza setilaiti za kuelekeza safari. Kwa kupima muda ambao mawimbi ya kila setilaiti yametumia kufika, hupiga hesabu ya mahali kilipo, kisha kola hutuma jibu kwa setilaiti nyingine au kwa mnara wa simu. Adui wake ni betri. Ukiagiza kola itoe taarifa kila saa utamjua simba vizuri kwa muda mfupi. Ukiagiza mara chache kwa siku itadumu, lakini simba ataweza kufika bomani katikati ya taarifa mbili. Kila mradi lazima uchague, na uchaguzi huo si wa kihandisi tu. Ni kuchagua kati ya usingizi wa mfugaji na uhai wa betri.

Katika Hifadhi ya Ngorongoro, mradi wa KopeLion umefanya kazi hii tangu mwaka 2011. Simba wachache hufungwa kola, na kwa kuwa simba huishi kwa makundi, mmoja mara nyingi huonyesha waliko wenzake. Taarifa hazibaki kwenye kompyuta. Wapo Ilchokuti, vijana wa hukohuko, ambao kila siku husoma nyayo, hupokea mahali simba walipo, kisha huzunguka maboma na kupiga simu: leo msipeleke ng'ombe bonde lile, jana usiku walilala pale. Hutafuta mifugo iliyopotea kabla giza halijaingia, hutibu majeraha ya ng'ombe aliyeparuliwa, husaidia kurudishia miiba kwenye zizi lililobomoka. Pale hasira inapopanda na vijana wameshachukua mikuki, hao ndio wa kwanza kukaa nao chini.

Kuna sababu ya kisayansi ya kuwathamini sana Ilchokuti. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, nzi wanaouma aina ya Stomoxys walifurika katika kreta ya Ngorongoro na simba wakabaki takriban 10. Kizazi kilichofuata kilitoka kwa hao na madume wachache waliohamia kutoka nje, na mwaka 1991 Craig Packer na wenzake walionyesha kwamba damu ya simba wa kreta ilikuwa imekaribiana kupita kiasi. Dawa ya hali hiyo ni simba wa Serengeti kuingia kwa miguu yake, akipita katikati ya maboma. Mfugaji anayemwacha apite ameingiza damu mpya kwenye kreta, jambo ambalo maabara yoyote ingelifanya kwa gharama kubwa mno.

Upande wa pili wa Serengeti hali ni nyingine. Magharibi, tatizo kubwa ni nyamapori: watu huingia usiku na kutega nyaya. Huko kifaa kinachofaa ni kingine. Kamera za kutega za zamani zilipiga picha kila kitu kilichotikisika, majani yakiwemo, na askari aliziona picha hizo wiki kadhaa baadaye. Kamera ya TrailGuard, iliyojaribiwa huko magharibi, Grumeti, mwaka 2018, ina akili unde ndani yake. Hulala mpaka kitu kipite, huamua yenyewe kama ni swala au mtu, na hutuma picha ya mtu tu, ndani ya dakika chache. Kwa kunyamaza muda mwingi, huhifadhi betri. Waliobuni kamera hiyo walisema majaribio yalisaidia kukamatwa kwa majangili 30.

Kamera kama hiyo ukiiweka kwenye njia ya Soitsambu itampiga picha nani? Mchungaji, mama anayebeba maji, mtoto anayekwenda shule. Hapa kila mtu anapita porini kwa haki yake. Chombo kilichozaliwa kumtafuta mtu mahali ambapo hapaswi kuwapo hakifai mahali ambapo watu wanaishi.

Na imani ni haba. Mwaka 2022 Serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kuwa Pololeti, na uwekaji wa alama za mipaka mwezi Juni uliambatana na vurugu. Askari polisi mmoja aliuawa na wananchi walijeruhiwa. Mfugaji aliyepoteza malisho akiona ndege nyuki juu ya boma lake haoni uhifadhi. Anayetaka kuleta vifaa vipya hapa aanze kwa kueleza picha zinakwenda kwa nani, na aeleze kwa Kimaa, mbele ya malaigwanani, viongozi wa jadi, kabla ya kufunga hata skrubu moja.

Usiri wa taarifa za kola nao una sababu zake. Mwaka 2013, India, mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyopokea taarifa za kola ya chui milia wa hifadhi ya Panna. Mahali alipo simba hapawezi kubandikwa ukutani. Ndiyo maana Ilchokuti ni sehemu ya mtambo kama betri ilivyo: wanajua waseme nini, kwa nani, na wanyamaze wapi.

Wakati mwingine ubunifu hutoka bomani kwenyewe. Richard Turere, mtoto wa kifugaji kutoka Kitengela nchini Kenya, alikuwa na miaka kama 11 alipogundua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Alichukua betri ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi. Mwaka 2013 aliusimulia ulimwengu jinsi zinavyofanya kazi, na taa za namna hiyo zimeenea kwenye maboma mengi.

Kwa Soitsambu ningeomba mambo yasiyo na fahari: mnara wa simu unaofika mabonde ya malisho, vijana wa kata wenye mshahara wa kudumu badala ya posho ya mradi wa miaka miwili, taa za zizi, na kifuta jasho kinacholipwa ng'ombe akiwa bado anakumbukwa kwa rangi yake. Kola zitanunuliwa, wafadhili hupenda kununua kola. Mshahara wa anayepiga simu alfajiri ndio unaokatwa kwanza bajeti inapopungua.