Kabla Hujakutana na Mshauri wa Fedha



Hapa Uganda yako matawi ya chama, na ziko SACCO za wafanyakazi, ambazo humwita mshauri wa fedha mara moja kwa mwaka. Kila mwanachama hupewa nafasi ya kukaa naye peke yake, labda nusu saa, labda robo saa ikiwa foleni ni ndefu. Ni jambo jema. Lakini wengi wetu huingia mikono mitupu. Mtu husema, "Bwana, mshahara hautoshi," naye mshauri hujibu, "Jaribu kuweka akiba kidogo kidogo," na muda umekwisha. Maneno hayo hata jirani angemwambia bure.

Mshauri anajua habari za fedha, lakini hajui habari zako. Hajui unakatwa kiasi gani, unadaiwa na nani, wala una watoto wangapi shuleni. Hayo yote yamo katika karatasi zako, na nyingine zimo nyumbani chini ya godoro. Zitafuteni mapema.

Karatasi ya kwanza ni taarifa yako ya NSSF. Sheria yasema kila mwezi mfanyakazi akatwe asilimia 5 ya mshahara wake, mwajiri naye aongeze asilimia 10 yake mwenyewe, jumla asilimia 15, na fedha hizo zifike NSSF kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Zamani sheria iliwahusu waajiri wenye watu 5 na zaidi. Tangu ilipobadilishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja yumo.

Tuchukue mtu wa mshahara wa shilingi 400,000. Yeye hukatwa 20,000, mwajiri huongeza 40,000, jumla 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000. Sasa akitazama taarifa yake akakuta 540,000 tu, ajue miezi 3 haikupelekwa. Hapo amepotewa na shilingi 180,000, na faida ambayo fedha hizo zingezaa mpaka siku atakapostaafu. Tena katika hizo, 60,000 zilitoka katika jasho lake mwenyewe. Karatasi ya mshahara yaonyesha kwamba umekatwa. Haionyeshi kwamba fedha zimefika. Ndiyo maana nasema karatasi hizi mbili ziwekwe pamoja, mwezi kwa mwezi, kuanzia Julai hadi Juni, maana ndivyo mwaka wa NSSF unavyohesabiwa. Taarifa waweza kuipata katika ofisi zao au kwa simu ya mkononi. Asiyejua kusoma hesabu hizo na akae na kijana wake wa shule, au aje kwetu tawini.

Tazama na jina. Kama kitambulisho cha taifa kina jina moja na taarifa ya NSSF ina jingine, au mwaka wa kuzaliwa haulingani, rekebisha sasa ukiwa na nguvu. Mjane asiachiwe kazi ya kuthibitisha kwamba marehemu ndiye yule yule.

Kuhusu wakati, ningeshauri matawi yamwite mshauri mwezi wa Oktoba au Novemba. Mwaka wa NSSF hufungwa tarehe 30 Juni, na faida hutangazwa baadaye, kwa kawaida katika mkutano wa wanachama wa mwezi wa Septemba. Kwa mwaka wa 2022/23 ilikuwa asilimia 10, na kwa 2023/24 ikawa asilimia 11.5. Ukimwona mshauri mwezi wa Julai, faida ya mwaka bado haijaingia. Ukimwona Februari, shule zimekwisha kufunguliwa na fedha zimekwenda.

Baada ya akiba yako, mikopo. Hapa ndipo watu huona haya. Mtu atataja mkopo wa SACCO kwa sababu uko katika karatasi ya mshahara, lakini ule wa mkopeshaji wa mtaani, aliyeshika kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, ataunyamazia. Mshauri atapanga mambo juu ya mshahara ambao kumbe kila mwisho wa mwezi unatolewa na mtu mwingine. Andika madeni yote, hata la dukani.

Kwa kila mkopo, uliza riba inahesabiwaje. Wengi huuliza "asilimia ngapi?" wakaridhika. Haitoshi. Tuseme umekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi, nawe unarudisha 100,000 ya mkopo kila mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anahesabu riba juu ya 1,200,000 mpaka mwisho, ingawa deni linapungua. Huyo utamlipa riba ya 24,000 kila mwezi, jumla 288,000. Wa pili anahesabu riba juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza utalipa 24,000, wa pili 22,000, na kuendelea hivyo hadi 2,000 mwezi wa mwisho, jumla 156,000. Wote wawili wamesema asilimia 2, na tofauti ni shilingi 132,000. Nendeni na mkataba wa mkopo wenyewe, mshauri ausome mbele yenu.

Wako pia wanaotoza asilimia 10 kwa mwezi. Linganisha na NSSF inayotoa kiasi kama hicho kwa mwaka mzima. Mwenye deni la namna hiyo asipoteze nusu saa yake akiuliza habari za hisa au kiwanja. Swali lake ni moja tu, atatokaje katika deni.

Hapo huingia jambo ambalo wenzetu waliofikisha miaka 45 wananiuliza sana. Sheria ya 2022 imeruhusu mwanachama wa umri huo, aliyechangia miaka 10, achukue mapema sehemu ya akiba yake ya NSSF, isiyozidi asilimia 20. Mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na kuchangia miaka 10 aweza kuchukua hadi asilimia 50. Je, uchukue? Mwenye akiba ya shilingi 10,000,000 ataweza kupata 2,000,000. Akiziacha, na tukikadiria faida ya asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 10 zitapita 5,000,000. Kadiria tu, kwa maana hakuna aliyeahidi faida hiyo. Upande wa pili, mwenye deni la 1,000,000 kwa asilimia 10 ya mwezi analipa 100,000 kila mwezi kabla ya kupunguza hata shilingi moja ya deni lenyewe, na huyo kwa maoni yangu ana sababu ya kuzichukua. Wa harusi simsemei. Wa pikipiki ya boda boda aende na hesabu ya mafuta, matengenezo, na nani ataiendesha yeye akiwa kazini.

Kisha matumizi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule, uandike kila shilingi kwa miezi 3 kabla ya mkutano, na mojawapo iwe mwezi wa kulipa karo. Karo hulipwa mihula mitatu kwa mwaka, na mfanyakazi anayehesabu mwezi wa kawaida peke yake hujidanganya. Mume na mke waliandike pamoja, na ikiwezekana waende pamoja. Nimeona mipango mizuri ikifia mlangoni kwa sababu mama mwenye nyumba hakuulizwa bei ya sukari.

Sasa juu ya mshauri mwenyewe. Muulize bila woga: "Wewe unalipwa na nani?" Si matusi. Kama ni wakala wa bima, hupata kamisheni kwa kila bima anayouza, na ushauri wake utaelekea huko. Wakala wa bima apaswa kuwa na leseni ya mamlaka ya bima, na mshauri wa uwekezaji leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji. Aionyeshe. Bima nyingi za akiba, ukishindwa kulipa mwaka wa kwanza au wa pili, hurudishiwa kidogo sana au huambulii kitu, kwa hivyo uliza neno hilo kabla ya mengine. Tena usitie sahihi siku hiyo hiyo. Karatasi ilale nyumbani kwako juma moja. Akikataa isilale, umekwisha kumjua.

Jambo moja halimhusu mshauri, nalo ni ile miezi inayokosekana NSSF. Yeye hawezi kumlazimisha mwajiri kulipa, ila NSSF ina uwezo huo kwa sheria. Najua wengi wanaogopa kwamba anayeuliza peke yake ataonekana mkorofi na kuachishwa kazi. Kwa hiyo asiulize peke yake. Wenye miezi inayokosekana wapeleke nakala ya taarifa na karatasi za mshahara kwa katibu wa tawi, wakiandika namba ya uanachama na miezi yenyewe, kabla ya siku ya mshauri, ili barua iandikwe moja kwa jina la chama.