Aliyepona Ana Haki ya Kukasirika

Aghalabu hudhaniwa kwamba mgonjwa wa akili anaporuhusiwa kutoka hospitalini, mashaka yake yamekoma. Kumbe kwa wengi hiyo ndiyo siku kifungo cha pili kinapoanza. Kifungo hiki hakina ukuta wala bawabu; walinzi wake ni baba, mama, ndugu na majirani.

Jambo hili lilijitokeza waziwazi katika mchezo mfupi wa kuigiza ambao mimi na walimu wenzangu tuliutazama ukichezwa na wanafunzi wetu. Kijana anarejea kijijini baada ya kuzuiliwa miezi minane katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapigwi wala hatukanwi. Mama anampakulia chakula kinono, lakini nyama imekwisha kukatwakatwa jikoni, maana visu vyote vimefichwa. Akicheka, watu wanatazamana. Akinyamaza, anaulizwa iwapo amemeza dawa. Ndipo anapogundua kwamba mbuzi wake wawili waliuzwa na mjomba wakati hayupo. Anapandisha sauti kudai haki yake, kama ambavyo wewe au mimi tungefanya. Papo hapo baba anatoka mbio kutafuta gari la kumrudisha alikotoka, na mchezo unaishia hapo.

Baadhi ya wanafunzi waliangua kicheko. Mmoja wao, hata hivyo, alisimama akauliza: "Kwani mtu aliyewahi kuugua haruhusiwi kukasirika?" Swali hilo lastahili kujibiwa na sisi sote.

Sisemi kwamba jamaa wa mgonjwa wana roho mbaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wamekesha, wamehangaika, na ni kweli kwamba maradhi haya yaweza kurudi, hasa dawa zikiachwa bila ushauri wa daktari. Ni wajibu wao kuwa macho. Kukosa usingizi siku nyingi mfululizo, kujitenga na watu, kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, hizo ni dalili za kumfikisha mtu kwa daktari upesi. Lakini mtu aliyeporwa mbuzi wake akakasirika ana kila sababu. Angenyamaza ndipo angetutia wasiwasi.

Desturi ya kumtenga mgonjwa ina mizizi mirefu. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianzishwa na wakoloni mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa yametumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Hata leo jina lake hutumiwa kama tusi mitaani na, la kusikitisha zaidi, madarasani. Serikali nayo imepiga hatua: Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na sasa yatambua haki ya mgonjwa kushirikishwa katika maamuzi ya matibabu yake na kutobaguliwa. Hata hivyo, hakuna hakimu awezaye kuingia jikoni kumrudishia mtu kisu chake. Kazi hiyo ni yetu.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akirudi shuleni baada ya kutibiwa, tusitangaze habari zake mbele ya darasa. Apewe zamu ya kufuta ubao kama wenzake, asahihishiwe makosa kama wenzake, na akilalamika, lalamiko lenyewe lisikilizwe kwanza kabla ya kuulizwa habari za dawa. Nanyi wanafunzi, lifuteni jina la Mathari katika orodha ya matusi yenu. Hujafa hujaumbika, leo ni kwa jirani, kesho huenda ikawa ni kwetu.