Kompyuta ya mwanafunzi wa usanifu: rahisi isije ikawa ghali

Kila mwaka ifikapo Agosti, matokeo ya mitihani ya skuli yakishatoka hapa Uingereza, nyumba nyingi za Waswahili huingia katika hesabu nyengine. Mtoto amepata nafasi ya chuo, simu za hongera zimeingia kutoka Muscat, Mombasa na Unguja, na kisha huja ombi ambalo wazee hawakulitegemea: anataka kompyuta mpakato, na si ile ya kuandikia barua tu, kwani anakwenda kusomea usanifu.

Wengi wetu tuliozihama nchi zetu bila ya hiari tuliwaota watoto wetu wakiwa madaktari na wanasheria. Leo wanatuambia wanataka kubuni mabango, kuchora majengo au kutengeneza filamu za katuni. Tumekubali, na tumefanya vyema. Lakini seremala hapelekwi kazini bila ya randa, na kwa kijana huyu kompyuta ndiyo randa, ndiyo msumeno na ndiyo meza ya kazi.

Tatizo ni fedha. Pauni zetu ni za zamu za usiku, za kusafisha maofisi na kuhudumia wazee wa watu, na nusu yake inasubiriwa nyumbani. Kwa hivyo mara nyingi huishia katika moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kununua mpya ya bei ya chini kabisa, inayong'aa dukani, ambayo ikifika Januari haiwezi tena kufungua kazi ya mwanafunzi. Ya pili ni kuchukua ya fahari kwa mkopo wa riba, deni ambalo hubaki hata kijana akishamaliza mwaka wa kwanza. Njia zote mbili zinaepukika.

La kwanza, kabla ya kuingia dukani, tukiulize chuo: mwaka wa kwanza wanatumia programu gani? Jibu hilo ndilo linaloamua kila kitu. Anayesomea usanifu wa majengo huenda akahitaji Revit, na anayechora vitu vya pande tatu huenda akahitaji 3ds Max. Programu hizi mbili zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, hivyo kumnunulia MacBook ni kumtafutia mashaka. Wa mabango, vitabu na picha anaweza kutumia mashine ya Apple au ya Windows, zote sawa. Ama Chromebook, ingawa bei yake inavutia, haibebi programu kamili za Adobe wala Revit. Tuwaachie wanaoandika insha.

La pili ni nguvu ya ndani. Kumbukumbu ya kazi, ile wanayoiita ramu, iwe gigabaiti 16. Nane zinatosha kuanzia, lakini mwanafunzi akifungua picha kubwa na programu mbili kwa pamoja, mashine itaanza kuhema. Tuangalie pia kama ramu inaweza kuongezwa baadaye, kwani katika kompyuta nyingi nyembamba imegandishwa moja kwa moja, na MacBook zote za prosesa za M, zilizoanza kutoka Novemba 2020, haziongezeki. Diski iwe ya SSD, gigabaiti 512 ikiwezekana. Kwa kazi za pande tatu na katuni, itafutwe yenye kadi yake ya michoro, kama zile za NVIDIA. Kwa mabango na vitabu, kadi hiyo si lazima, na fedha yake ni bora iende kwenye skrini.

Na hapa kwenye skrini ndipo wengi wanapodanganyika. Skrini za bei ya chini huonesha sehemu tu ya rangi, na bango lililopendeza ndani yake hutoka jengine kabisa likichapishwa. Katika karatasi ya maelezo, pakiandikwa asilimia 45 ya NTSC, tuweke chini. Tunachotaka ni karibu na asilimia 100 ya sRGB. Muuzaji asiyejua jibu la swali hili si mtu wa kumpa fedha zetu.

Sasa bei. Ushauri wetu ni huu: badala ya mpya dhaifu, tununue iliyotumika lakini imara. Makampuni makubwa hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani hukarabatiwa na kuuzwa kwa bei iliyo chini sana ya ile ya mwanzo. ThinkPad za Lenovo, Latitude na Precision za Dell, EliteBook na ZBook za HP, zote zilitengenezwa kwa kazi ngumu, na vipuri vyake si vya kutafutwa kwa tochi.

Lakini mtumba una masharti yake. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, hukubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 isipokuwa chache. Kizazi husomeka kwenye jina: i5-8250U ni cha 8, i7-1165G7 ni cha 11. Mashine ya kizazi cha 6 isitudanganye kwa unafuu wake. Tuulize pia hali ya betri, tujaribu kila kitufe, na tutazame skrini ikiwa nyeupe tupu ili madoa yaonekane.

Na tununue kwa mfanyabiashara, tuchukue risiti. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 hapa Uingereza inahusu hata bidhaa iliyotumika: ikiwa na kasoro, mnunuzi ana siku 30 za kuirudisha na kudai fedha zake zote. Anayeuza kompyuta yake binafsi, tukikutana naye kituo cha treni, habanwi kiasi hicho.

Programu nazo zisitutishe. Blender, Krita, Inkscape na GIMP ni za bure, na Affinity nayo imekuwa ya bure tangu Oktoba 2025. Autodesk, wenye Revit na AutoCAD, huwapa wanafunzi bila malipo wakithibitisha masomo yao. Vyuo vingi vina leseni za Adobe, basi kijana aulize kwanza. Zile nakala za wizi zinazopitishwa kwa mkono tuziache, kwani mara nyingi huja na virusi, na kazi ya muhula mzima ikapotea usiku mmoja.

Tusisahau walioko nyumbani. Wengi wetu tuna mpwa Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, au chuo chengine huko, naye anasubiri. Masharti ni yale yale, ila betri iwe na afya zaidi kwa sababu ya umeme unaokatika. Plagi ya Uingereza ni ile ile ya Tanzania, Kenya na Oman. Wanaotuma kutoka Marekani wasome maandishi ya chaja: ikiwa ni volti 100 hadi 240, hubadilishwa plagi tu. Msafiri aibebe mkononi ndani ya ndege, asiitie kwenye begi la mizigo.

Wahenga walituachia maneno mawili tu: rahisi ghali. Mtoto wa mhamiaji mara nyingi haombi mara mbili. Akiona mashine imemshinda, hunyamaza, huanza kukopa ya mwenzake, kisha huanza kukosa darasa. Kabla ya kutoa hata pauni moja, tukae naye saa moja mezani na orodha ya chuo mkononi.