Je, Kadi Yako ya Bima Bado Hai?

Mama msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu, hebu nyanyuka ukaitafute kadi yako ya bima ya afya. Usijiambie kwamba utaitafuta siku utakayougua. Sisi wauguzi tumewaona akina mama wengi wakipekua mikoba usiku wa manane mbele ya dirisha la mapokezi, mtoto mgongoni akiwaka homa. Kadi inapopatikana, muda wake umekwisha au jina la mtoto halimo.

Kwetu Unguja jambo hili bado ni geni kidogo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ilitangaza matibabu bila malipo, na wazee wetu walizoea kwamba mtu akiugua anakwenda Mnazi Mmoja na kutibiwa. Miaka ikapita, gharama zikapanda, wananchi wakaanza kuchangia kidogo kidogo. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya kuanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ambao wengi huuita ZHSF. Ulianza na watumishi wa umma, kisha ukawafikia waajiriwa wa sekta binafsi iliyo rasmi. Mtumishi wa Serikali ya Muungano aliyepangiwa kazi hapa visiwani yeye ni wa NHIF, mfuko uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Kwa hiyo katika kichochoro kimoja cha Mkunazini unaweza kukuta majirani wawili wenye kadi mbili za mifuko miwili, na ushauri wa huyu usimfae yule. Tunalisema hili kwa sababu mengi ya matatizo tunayoletewa baada ya ibada huanzia kwenye kuulizana mlangoni.

Wengi hudhani kwamba ukishapewa kadi umepewa. Sivyo. Kadi inakutambulisha tu. Haki ya kutibiwa inategemea mambo ya nyumbani kwako: nani anakatwa mchango, nani ni mwenza wake, watoto ni wangapi na wana umri gani. Mambo hayo hubadilika, na ofisi haiwezi kujua mpaka iambiwe. Mtoto huzaliwa, kijana hutimiza miaka 18, baba hustaafu, mkataba wa kazi hotelini huisha msimu wa mvua. Kila badiliko la namna hiyo linaweza kuifunga kadi, hata kama plastiki yenyewe bado inang'aa.

Lililotuumiza zaidi ni la wajane. Tunamkumbuka mama mmoja wa upande wa kusini, mkulima wa mwani. Mumewe alikuwa akikatwa mchango kazini, na mama alikuwa akipata dawa zake za shinikizo la damu kwa kadi hiyo. Mume alipofariki, nyumba ilishughulika na mazishi, kisha na mambo ya mirathi, na hakuna aliyeikumbuka bima. Alikuja kuambiwa dirishani, siku ya kuchukua dawa, kwamba mchango umesimama. Akaanza kununua vidonge vichache vichache, kisha akawa anameza kimoja kwa siku mbili, kisha akaacha kabisa kwa kuwa hakuhisi maumivu yoyote. Alipoletwa kwetu mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia umelegea. Alipona kiasi, sasa anatembea na mkongojo, lakini pwani hashuki tena. Kwa maoni yetu, mjane asingepaswa kupata habari hiyo dirishani. Ila mpaka utaratibu utakapokuwa bora, ndugu wanaoshughulikia cheti cha kifo waulize siku hiyo hiyo: bima ya mama na watoto itakuwaje, na mpaka lini?

Shinikizo la damu halipigi hodi, na ndiyo maana tunawasihi msikatishe dawa kwa sababu ya karatasi. Mwenye kifafa anayeacha vidonge ghafla anaweza kupatwa na degedege mfululizo. Mtoto wa kisukari anayetegemea sindano za insulini anaweza kufikia hali ya hatari kwa siku chache tu. Ukiona kadi imekataliwa, mwambie muuguzi au daktari waziwazi, usiondoke kimya kwa aibu. Pengine ipo dawa ya bei nafuu zaidi inayofanya kazi ile ile.

Tusidhani shida hii ni ya kwetu peke yetu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mfuko wao tangu mwaka 1966, lakini tarehe 1 Oktoba 2024 ulipochukuliwa nafasi na mamlaka mpya, SHA, hata waliochangia miaka na miaka walitakiwa kujiandikisha upya. Huko Marekani, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini iitwayo Medicaid iliacha kuwafuta watu wakati wa korona. Kuanzia Aprili 2023 ukaguzi ukarudi, na watu zaidi ya milioni 20 wakaondolewa. Walio wengi hawakuondolewa kwa kuonekana wana fedha nyingi. Fomu hazikurudishwa, au barua zilipelekwa kwenye nyumba walizokwisha kuhama. Kwetu barua hizo ni ujumbe wa simu. Je, namba uliyoiandikisha ndiyo unayoitumia leo, au laini hiyo ilipotea zamani sokoni Darajani?

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa sisi Wakristo tunajikwaa sana. Mama anaitwa Maria kanisani, Mariamu kwenye kitambulisho cha Mzanzibari, na cheti cha ndoa kina jina la nyumbani. Wengine wametoka bara, na kitambulisho cha Taifa kimefuata ukoo wakati cheti cha mtoto kimefuata jina la babu. Mwandikishaji hawezi kubahatisha. Cheti cha ubatizo ni kizuri, kitunzeni, lakini hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Aliye na majina yanayopishana aanze kwa sheha wake, kisha aende kwenye ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii, na afanye hivyo akiwa mzima, kwa sababu kusahihisha jina huchukua siku na nauli.

Vyeti vyenyewe navyo viwekwe pakavu. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina kuta za chokaa zinazovuta unyevu, na tumeona cheti cha ndoa kilichogeuka uji ndani ya sanduku. Mfuko wa plastiki wenye kufungika unatosha. Weka humo na nakala za kila kitu, na barua ya shule ya kijana anayekaribia miaka 18, ili ukaulize mapema kama bado ana nafasi kwenye kadi ya mzazi.

Na wewe uliye mjamzito, uliza kliniki mtoto ataandikwaje na karatasi gani utahitaji, ili baba aanze kuzishughulikia siku utakapojifungua, wewe ukiwa bado umelala wodini.