Joto la Gesi Ndani ya Gari la Malazi
Alalaye garini katika baridi kali ya Kanada huuliza kwanza nguvu ya hita ya propani. Sisi matabibu twauliza moshi wake hutolewa wapi. Hita isiyo na bomba la nje hutumia oksijeni ile ile aivutayo mlalaji, nayo ikipungua huzalisha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kichefuchefu hufuata, naye hudhani ni uchovu wa safari. Hata kipimo cha oksijeni cha kidoleni huweza kudanganya. Afadhali hita ivutayo hewa nje na kutoa moshi nje, pamoja na king'ora cha gesi hiyo karibu na kitanda. Jiko la mkaa chumbani, Makete mwezi Julai, huua kwa njia iyo hiyo.