Kikwazo cha Ukaushaji katika Uchakataji wa Dagaa Mchele Unguja

Dagaa mchele, samaki wadogo wa baharini wa familia ya Engraulidae, huvuliwa Unguja hasa katika usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji. Dagaa hukusanyika penye mwanga, kisha huzungushiwa wavu wenye matundu madogo. Mbalamwezi inapong'aa, mvuto wa taa hupungua na uvuvi hufifia.

Kwa kuwa miili yao ni midogo na laini, dagaa huharibika ndani ya saa chache. Hivyo huchemshwa kwa muda mfupi katika maji ya chumvi, kisha huanikwa juani. Dagaa wakavu huuzwa hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakati wa masika hatua ya kuanika hukwama, na dagaa waliokwisha kuchemshwa huoza kabla ya kukauka. Mvuvi huwa ameshauza samaki wake wabichi. Hasara humwangukia mchakataji, mara nyingi mwanamke, ambaye ameshalipia pia chumvi na kuni. Kwa hiyo, juhudi za kuongeza uvuvi zisipoambatana na uboreshaji wa ukaushaji huongeza pia hasara ya wachakataji.