KISOMA SKRINI KINAPOGOMA: TUANGALIE WAPI KWANZA?



Ndugu wanafunzi, wapo miongoni mwenu wasioona, na wapo wanaokaa nao dawati moja katika chumba cha kompyuta. Makala hii ni ya wote wawili. Asiyeona hutumia kompyuta kwa programu inayomsomea kwa sauti kilichomo kwenye skrini, nasi tutaiita kisoma skrini. Mausi hana haja nayo, kazi yake yote iko kwenye kibodi. Anayeona kitufe kikimgomea hushika mausi akaendelea. Asiyeona hana njia ya pili.

Na hapo ndipo yanapotokea mambo yasiyotupendeza. Mwenzenu mmoja alikuwa akijaza fomu ya kuombea nafasi ya chuo kwenye tovuti, na siku zilikuwa zimebaki mbili. Alipofika kwenye sanduku la jina, kila herufi aliyoibonyeza ilimrusha mahali pengine pa ukurasa. Rafiki yake, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Hebu pisha nikujazie." Akamjazia yote, mpaka neno la siri na machaguo ya masomo. Tatizo lenyewe lilikuwa la kubonyeza vitufe viwili tu. Wengine waliokuwepo wakaondoka wakidhani kijana hajui kompyuta.

Sayyidna Abdullah bin Umm Maktum (R.A.) alikuwa haoni, na ndiye aliyekuwa sababu ya kuteremka Surat Abasa. Alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.) pamoja na Bilal (R.A.). Mnaijua habari yake, basi hatutairefusha.

Tuingie kwenye kazi. Tutaizungumzia zaidi NVDA, kwa sababu ndiyo tuliyonayo na ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, kisha akashirikiana na James Teh, naye pia asiyeona. Iko pia JAWS, ambayo ni nzuri lakini bei yake ni kubwa. Wako wanaopitishiana nakala zake zilizovunjwa kufuli. Kazi ya mtu ina haki yake, na ya bure ipo, basi hatuoni udhuru katika jambo hilo.

Kwanza fahamuni kitufe kinapita wapi. Unapokibonyeza, habari inatoka kwenye kibodi na kuingia Windows. Kabla haijafika kwenye programu unayoitumia, kisoma skrini kinaipokea na kuitazama. Kikiona ni amri yake, kinaitekeleza na kitufe hakifiki mbele. Kikiona si amri yake, kinakiachia kipite. Kwa hiyo kitufe kikigoma, yaulizwe mambo matatu: je, kibodi au Windows ndiyo yenye tatizo? Au kisoma skrini ndicho kilichokizuia? Au kimefika salama, na ukurasa wenyewe ndio hauna habari nacho?

La kwanza hupimwa kwa Notepad. Fungua, andika jina lako, usikilize. Herufi zikitoka sawasawa, kibodi ni nzima, nenda mbele. Zisipotoka, au zikitoka baada ya kushikilia kitufe kwa muda, huenda umewasha bila ya kujua huduma ya Windows ya kupuuza mabonyezo mafupi. Huwaka mtu akishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Ipo nyingine inayotokea ukibonyeza Shift mara 5 mfululizo, ambayo huvifanya vitufe vya Shift, Ctrl na Alt kama vimegandishwa. Zote mbili zimewekwa kwa ajili ya watu wenye taabu ya mikono, na huzimwa kwa njia ile ile zilivyowashwa.

Hapa madrasa iko sababu nyingine, nayo inatupata sana: mtu ameandika Kiarabu, akaondoka bila ya kurudisha kibodi. Anayemfuatia anaandika neno la siri, linakataliwa mara tatu, naye hasikii zaidi ya neno "nyota" kwa kila herufi. Bonyeza Alt ya kushoto pamoja na Shift, au kitufe cha Windows pamoja na nafasi, usikilize lugha inayotajwa. Mkimaliza kuandika Kiarabu, rudisheni.

Sasa kisoma skrini chenyewe. Amri zake nyingi huanza na kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert. Kompyuta ndogo za mapajani nyingi hazina Insert ya kufaa, basi kwenye dirisha la makaribisho chagua Caps Lock ifanye kazi hiyo, na mpangilio wa vitufe uwe wa kompyuta ya mapajani. Ukibadilisha mpangilio, baadhi ya amri hubadilika. Kwa mfano, kusoma mfululizo kwenye kompyuta ya mezani ni NVDA na mshale wa chini, ilhali kwenye ya mapajani ni NVDA na A. Wengi wanaosema "amri niliyofundishwa haifanyi kazi" wanatumia amri ya mpangilio mwingine.

Iwapo kila kitufe kinatajwa jina lakini hakuna kinachotendeka, hujaharibu kitu. Umeingia katika hali ya kujifunza vitufe, inayowashwa na NVDA na 1. Bonyeza tena hivyo hivyo, utatoka. Iwapo sauti imekatika na badala yake unasikia milio tu, umegusa NVDA na S. Irudie mpaka sauti irejee. Iwapo kisoma skrini kimenyamaza katika programu moja tu na kwengine kinasema, kimelazwa humo. Kiamshe kwa NVDA, Shift na S, na kwa mpangilio wa mapajani ni Z badala ya S.

Lile lililompata mwenzenu ndilo kubwa kuliko yote, na tunataka mlielewe vizuri. Kwenye tovuti, NVDA ina hali mbili. Katika hali ya kupitia ukurasa, herufi ni njia za mkato: H hukupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, E kwenye sanduku la kuandikia, T kwenye jedwali, na ukiongeza Shift unarudi nyuma. Katika hali ya kujaza, herufi ni herufi, zinaandikwa. Ukifika kwenye sanduku kwa Tab, mara nyingi NVDA huhama yenyewe na kutoa mlio mfupi. Ukifika kwa mishale, itabidi ubonyeze Enter. Usipobonyeza ukaanza kuandika "Hamisi", H inakurusha kwenye kichwa cha habari, na A, M na I kila moja ina safari yake.

Dawa ni NVDA na nafasi. Inabadilisha hali, na ukibonyeza tena inarudisha. Lakini angalieni: ukiibadilisha kwa mkono, hali hiyo hubaki hivyo mpaka uibadilishe kwa mkono. Ndiyo maana mtu anamaliza fomu, kisha H na K zinakataa kumtembeza. Ikiwa hata baada ya hapo herufi hazitembei, jaribu NVDA, Shift na nafasi, kwani njia za mkato za herufi nazo zinaweza kuzimwa peke yake.

Kwenye JAWS mambo ni karibu na hayo. Insert na Z huzima na kuwasha kishale chake cha kupitia ukurasa.

Kuna malalamiko mengine: "Nakisikia kitufe cha kutuma, lakini nikibonyeza Enter hakifanyi kitu." Huenda ulikuwa unakagua skrini kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia. Kukagua hakuhamishi mahali Windows ilipo. Ni kama kusoma kibao cha duka la jirani ilhali umesimama kwako. Jaribu NVDA na Enter ya upande wa namba, au NVDA na Enter ya kawaida kwenye mapajani. Na vitufe hivyo vikiandika namba badala ya kukagua, Num Lock imewaka.

Katika jedwali, Ctrl na Alt pamoja na mishale ndiyo hukutembeza kutoka chumba hadi chumba. Kwenye baadhi ya kompyuta za zamani vitufe hivyo hivyo huigeuza picha ya skrini juu chini. Asiyeona hana habari, anaendelea kusoma jedwali lake, na jirani yake ndiye anayepiga ukelele. Ctrl, Alt na mshale wa juu huirudisha.

Yote yakishindikana, pakia upya kumbukumbu ya ukurasa kwa NVDA na F5, au anzisha NVDA upya kwa Ctrl, Alt na N, au ufungue ukurasa ule ule kwa kivinjari kingine. Baada ya hapo ndipo muushuku ukurasa wenyewe. Zimeni kisoma skrini kwa NVDA na Q, anayeona aweke mausi pembeni na atembee kwa Tab peke yake. Naye akikwama pale pale, mtengenezaji wa tovuti ndiye aliyechora picha inayofanana na kitufe na akasahau kuifanya kitufe. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, toleo la pili la mwaka 2008, inataka kila jambo liwezekane kwa kibodi, na mtu asinaswe mahali asipoweza kutoka. Waandikieni wenye tovuti, mtaje ukurasa, kitufe na mlichobonyeza. Barua ya "tovuti yenu mbovu" haimsaidii fundi.

Na mwenye kuona, unapoitwa kusaidia, uliza kwanza, "Umesikia nini mara ya mwisho?" Mikono yako ikae mbali na kibodi mpaka uambiwe.

Wabillahi tawfiiq.